Yellapragada Subbarow

Yellapragada Subbarow (pia huandikwa Subba Rao, Bhimavaram, Uhindi, 12 Januari 1895 – jimbo la New York, Marekani, 8 Agosti 1948) alikuwa daktari na mtaalamu wa biokemia kutoka Uhindi. Aliwahi kufundisha katika chuo cha tiba ya Ayurveda mjini Madras, kisha akaenda Marekani na kufanya utafiti huko kwa takriban miaka 25, hadi kifo chake.

Anajulikana hasa kwa kazi zake kuhusu magonjwa ya damu yanayoanzia katika uboho, yaani ile tishu laini iliyo ndani ya mifupa. Chini ya uongozi wake ilitengenezwa asidi ya foliki, vitamini ambayo uboho hauwezi kutengeneza damu vizuri bila hiyo. Vilevile ilitengenezwa aminopterini, dawa ya kwanza iliyoonekana kurudisha nyuma saratani ya damu kwa watoto. Alishiriki pia katika kupatikana kwa dawa ya matende na kwa kiuavijasumu cha kwanza cha jamii ya tetrasiklini.

Utoto na masomo

Subbarow alizaliwa Bhimavaram, mji ambao leo uko katika jimbo la Andhra Pradesh. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya Madras chini ya utawala wa Waingereza. Familia yake ilikuwa ya Kibrahmani, yenye kusema Kitelugu. Baba yake, Jagannatham, alikuwa mtumishi wa idara ya mapato, akaacha kazi mapema kwa sababu ya ugonjwa. Mzigo wa kuwalea watoto ukamwangukia mama, Venkamma.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Akiwa na umri wa miaka 13 alitoroka nyumbani akikusudia kwenda Varanasi kuwauzia mahujaji ndizi, lakini mama yake alimrudisha na kumlazimisha aendelee na masomo. Alifaulu mtihani wa kumaliza sekondari katika jaribio la tatu.

Baadaye alitamani kuwa mtawa katika Misheni ya Ramakrishna. Mama yake alikataa, na viongozi wa misheni walimshauri asomee udaktari ili aweze kuwahudumia watu. Hivyo aliingia Chuo cha Tiba cha Madras. Sehemu ya gharama ililipwa na Kasturi Suryanarayana Murthy, ambaye baadaye alikuwa baba mkwe wake, kwani mwaka 1919 Subbarow alimwoa binti yake Seshagiri.

Miaka hiyo Mahatma Gandhi alikuwa akiwahimiza Wahindi waache vitambaa vya Uingereza na kuvaa khadi, kitambaa kinachofumwa kwa mkono nchini. Subbarow aliitikia wito huo hata katika chumba cha upasuaji. Profesa wake wa upasuaji, aliyekuwa Mwingereza, hakupendezwa. Mwishoni mwa masomo Subbarow hakupewa shahada kamili ya MBBS bali cheti cha LMS, chenye hadhi ya chini zaidi, jambo lililomfungia mlango wa ajira katika utumishi wa tiba wa serikali.

Spruu na tiba ya Ayurveda

Katika kipindi hichohicho familia yake ilipatwa na spruu ya tropiki. Huu ni ugonjwa wa utumbo unaoleta kuhara kwa muda mrefu, vidonda vya ulimi na kukonda. Utumbo ulioharibika haufyonzi virutubishi vya chakula, hivyo mgonjwa huishiwa damu pole pole. Wakati huo chanzo chake hakikujulikana wala dawa ya uhakika haikuwepo. Ugonjwa huo ulimwua kaka yake Purushottam.

Subbarow mwenyewe aliugua spruu, na dawa za hospitali hazikumsaidia. Alipona baada ya kutibiwa na Achanta Lakshmipathi, daktari aliyesomea tiba ya Kizungu na kisha akageukia Ayurveda, tiba ya jadi ya Uhindi. Alipokosa kazi serikalini, Subbarow alipata nafasi ya kufundisha anatomia katika chuo cha Ayurveda kilichoongozwa na Lakshmipathi mjini Madras.

Kupona kwake kulimwachia swali zito. Aliamini kwamba ndani ya dawa zile kulikuwa na kitu kilichomponya, lakini hakuna aliyeweza kukitaja, kukipima wala kukitengeneza upya. Alianza kuzichunguza dawa za Ayurveda kwa njia za maabara, ila vifaa alivyokuwa navyo vilikuwa duni mno kwa kazi hiyo.

Uboho na neva katika Ayurveda

Elimu iliyofundishwa katika vyuo vya Ayurveda inatokana na vitabu vya kale vya Kisanskriti, hasa vile vinavyohusishwa na Charaka na Sushruta. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, mwili umejengwa kwa tishu saba: utomvu wa chakula, damu, nyama, mafuta, mifupa, uboho na mbegu ya uzazi. Kila tishu hulishwa na ile iliyoitangulia. Uboho, unaoitwa majja, ni tishu ya sita. Unalishwa na mifupa, na kazi yake ni kuijaza mifupa hiyo na kuupa mwili nguvu na ulaini.

Kitabu cha Sushruta kinatofautisha kilichomo ndani ya mifupa mikubwa, ambacho ndicho uboho hasa, na kilichomo ndani ya mifupa mingine, ambacho kinaitwa mafuta yenye damu. Tiba ya kisasa nayo inatambua aina mbili za uboho, wa njano na mwekundu. Hata hivyo waandishi wa kale hawakujua kwamba chembe za damu huzaliwa humo. Jambo hilo lilithibitishwa Ulaya katika karne ya 19.

Ayurveda inauhusisha uboho na matatizo ambayo leo tungeyaweka chini ya mfumo wa neva. Charaka anataja kizunguzungu, kuzirai, kuona giza machoni na maumivu ya viungo kuwa dalili za uboho ulioharibika. Uboho ukipungua, mifupa huwa dhaifu na myepesi, na mgonjwa huandamwa na magonjwa ya vata. Vata ni nguvu inayoaminiwa kuendesha mijongeo na hisia zote za mwili. Miongoni mwa magonjwa yake ni kupooza upande mmoja, kupinda uso na maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni hadi mguuni. Tiba yake ni kukandwa kwa mafuta, dawa zinazoingizwa kwa njia ya haja kubwa, samli, na hata uboho wa wanyama, ambao ni mmoja kati ya mafuta manne makuu ya tiba hiyo.

Maelezo hayo si sawa na ya tiba ya kisasa. Vata haiwezi kupimwa maabara, na uboho wa mifupa si tishu moja na ubongo au neva. Lakini wazo kwamba udhaifu wa uboho na maradhi ya neva vinaweza kwenda pamoja lilikuja kuonekana tena, kwa sura nyingine, katika kazi ambayo Subbarow aliifanya Marekani.

Miaka ya Boston

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Subbarow alisafiri hadi Boston kwa msaada wa fedha za baba mkwe wake na za shirika la hisani la nyumbani. Alimwacha mkewe akiwa mjamzito. Mtoto wao wa kiume alifariki akiwa mchanga, kabla baba yake hajamwona. Subbarow alikusudia kurudi baada ya miaka michache, lakini hakurudi tena Uhindi wala kumwona tena mkewe.

Alisoma stashahada katika Shule ya Tiba ya Tropiki ya Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa kuwa cheti chake cha LMS hakikumruhusu kufanya kazi ya udaktari Marekani, alijikimu kama mhudumu wa usiku hospitalini, akisafisha vyombo vya wagonjwa. Kisha alipokewa katika idara ya biokemia chini ya Otto Folin, akafanya kazi pamoja na Cyrus Fiske.

Mwaka 1925 Fiske na Subbarow walichapisha njia ya kupima fosforasi katika damu na mkojo. Njia hiyo ilienea duniani kote na wanafunzi wa biokemia waliendelea kuitumia kwa miongo mingi. Kwa kutumia kipimo hicho, mwaka 1927 walitangaza kwamba ndani ya misuli kuna fosfokreatini, akiba ya nguvu inayotumika msuli unapojikunja. Mwaka 1929 walitenga pia adenosini trifosfati, maarufu kama ATP, ambayo chembe zote hai huitumia kubeba nishati. Karl Lohmann wa Ujerumani aliigundua mwaka huohuo bila kushirikiana nao.

Subbarow alipata shahada ya uzamivu mwaka 1930. Pamoja na mafanikio hayo, Harvard haikumpa ajira ya kudumu. Sifa za ugunduzi wa pamoja zilimwendea zaidi Fiske, na sehemu ya kazi aliyoifanya Subbarow kuhusu viambato vya chembe haikuchapishwa.

Kutoka ini hadi asidi ya foliki

Katika miaka ya 1930 Subbarow alishughulikia ini. Madaktari wa Marekani walikuwa wameonyesha kwamba kula ini kwa wingi huwaponya wagonjwa wa aina ya upungufu wa damu uliokuwa ukiua karibu kila aliyeupata. George Whipple, George Minot na William Murphy walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1934 kwa kazi hiyo. Lakini ni kitu gani ndani ya ini kilichoponya? Lilikuwa ni lile swali la Madras limerudi, safari hii kuhusu ini badala ya dawa za Ayurveda.

Jibu la kwanza lilianzia Uhindi. Mwaka 1931 daktari Mwingereza Lucy Wills, aliyekuwa akiwachunguza wanawake wajawazito mjini Bombay, aliripoti kwamba upungufu wao wa damu uliponywa kwa ini na pia kwa hamira iliyosindikwa. Uboho wa wagonjwa wa namna hiyo hutoa chembe nyekundu kubwa kupita kiasi, chache, na zisizokomaa. Kiini kilichokosekana kilitafutwa na maabara nyingi. Mwaka 1941 watafiti wa Texas walikipata katika majani ya mchicha wa Kizungu na kukiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Mwaka 1940 Subbarow alihamia kampuni ya dawa ya Lederle, Pearl River, karibu na jiji la New York, na baadaye akawa mkuu wa utafiti. Alikusanya kikosi kikubwa cha wakemia, na mwaka 1945 kikosi hicho kilitangaza kwamba kimeweza kuitengeneza asidi ya foliki maabara. Kuanzia hapo madaktari waliweza kuipata kwa wingi.

Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, iliwasaidia wajawazito wenye upungufu wa damu wa aina ile iliyoelezwa na Wills. Iliwasaidia vilevile wagonjwa wa spruu, kwa kuwa utumbo wao ulishindwa kuifyonza kutoka katika chakula. Ugonjwa uliomwua kaka yake ulikuwa umepata dawa iliyotoka katika maabara aliyoiongoza.

Damu yapona, neva zaharibika

Kwa muda mfupi ilidhaniwa kwamba asidi ya foliki ndiyo jibu la kila upungufu wa damu unaoponywa kwa ini. Sivyo ilivyokuwa. Wagonjwa wa upungufu wa damu uitwao penishasi walipopewa asidi ya foliki, uboho wao ulianza kutoa damu nzuri na nyuso zao zikapata rangi. Lakini miezi iliyofuata wengine walipata ganzi miguuni, wakayumba wakitembea, na neva za uti wa mgongo zikazidi kuharibika.

Ilidhihirika kwamba ini lina kitu cha pili kinachohitajiwa na uboho na neva pia. Kitu hicho, vitamini B12, kilitengwa mwaka 1948 na watafiti wa Marekani na Uingereza, kila kundi kwa njia yake. Asidi ya foliki inaweza kuficha upungufu wa B12 kwa kurekebisha damu huku neva zikiendelea kuumia. Kwa sababu hiyo madaktari hadi leo hupima B12 kabla ya kumpa mgonjwa dozi kubwa ya asidi ya foliki peke yake.

Hata hivyo asidi ya foliki nayo ina kazi katika mfumo wa neva. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ulithibitisha kwamba mwanamke akiitumia kabla ya kushika mimba na katika wiki za mwanzo, uwezekano wa kupata mtoto mwenye mgongo wazi hupungua sana. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya mwezi wa kwanza, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Hii ndiyo sababu vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki hutolewa katika kliniki za wajawazito. Ndiyo sababu pia Tanzania na Kenya zimeagiza vitamini hiyo iongezwe katika unga wa viwandani.

Aminopterini na saratani ya damu

Saratani ya damu, au lukemia, huanzia katika uboho. Chembe nyeupe changa huongezeka bila mpaka na kuzisonga chembe nyingine. Sidney Farber, daktari wa hospitali ya watoto mjini Boston, aliwapa baadhi ya wagonjwa wake dawa za jamii ya asidi ya foliki kutoka Lederle. Badala ya kupona, ilionekana saratani ikishika kasi. Farber alifikiri kwamba kama vitamini hiyo inazilisha chembe mbaya, basi kuzinyima kungezizuia.

Wakemia wa Subbarow walitengeneza vitu vinavyofanana na asidi ya foliki lakini visivyofanya kazi yake. Ni kama ufunguo bandia unaoingia katika kufuli bila kulifungua, na unaozuia ule wa kweli usiingie. Mojawapo ilikuwa aminopterini. Mnamo Juni 1948 Farber alichapisha matokeo ya watoto 16 waliougua sana na kupewa dawa hiyo, ambao 10 kati yao walipata nafuu iliyoonekana wazi. Nafuu ilidumu kwa miezi tu, lakini kabla ya hapo hakukuwa na dawa iliyowahi kuleta nafuu kama hiyo.

Nafasi ya aminopterini ilichukuliwa na ndugu yake, methotrekseti, iliyotoka Lederle pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 methotrekseti ilikuwa kati ya dawa za kwanza zilizotumiwa Afrika Mashariki dhidi ya uvimbe wa taya wa watoto ulioelezwa na Denis Burkitt nchini Uganda. Leo bado hutumika kwa lukemia ya watoto, tena hudungwa katika maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa chembe za saratani zikifukuzwa katika uboho zinaweza kujificha katika mfumo wa neva. Kwa dozi ndogo hutumika pia kwa baridi yabisi.

Dawa nyingine

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanajeshi wa Marekani waliopigana katika visiwa vya Pasifiki walipatwa na minyoo ya filaria, inayosababisha matende na mabusha. Kikosi cha Subbarow kilipata dawa ya dayethilikabamazini, au DEC, iliyotangazwa mwaka 1947 kwa jina la Hetrazan. Dawa hiyo imetumika katika nchi nyingi za tropiki. Kwenye pwani ya Kenya imegawiwa kwa wananchi pamoja na albendazoli katika kampeni za kutokomeza matende. Tanzania hutumia ivermektini badala yake, kwa sababu DEC ni hatari kwa macho ya watu wenye ugonjwa wa usubi.

Aidha, Subbarow alimpa nafasi Lederle mtaalamu wa mimea Benjamin Duggar, mzee aliyekwisha kustaafu chuo kikuu. Duggar alipata katika sampuli ya udongo kijidudu kinachotoa Aureomycin, kiuavijasumu cha kwanza cha jamii ya tetrasiklini, kilichotangazwa mwaka 1948.

Kifo na kumbukumbu

Subbarow alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 8 Agosti 1948, akiwa na umri wa miaka 53. Ilikuwa miezi miwili baada ya Farber kuchapisha matokeo yake. Kwa muda mrefu wa maisha yake huko, sheria za Marekani hazikuwaruhusu Wahindi kupata uraia. Mlango ulifunguliwa mwaka 1946, lakini alikufa bila kuwa raia.

Hakupata Tuzo ya Nobel, na dawa zilizotoka katika maabara yake zilijulikana zaidi kwa majina ya wengine. Sababu mojawapo ni kwamba mara nyingi aliwaachia wakemia wake watangaze matokeo kwa majina yao. Jenasi moja ya kuvu, Subbaromyces, imepewa jina kwa heshima yake. Mwaka 1995, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, Uhindi ilitoa stempu ya posta yenye picha yake.